Vidonge Ulivyonituma Nikatupe

Kwako Baba,

Shikamoo. Wiki hii nimekusikia, na sauti ilitoka kinywani mwa Marwa, mwanao wa mwisho.

Unaikumbuka ile asubuhi Matongo? Ulikuwa umetoka kwenye duara, lile shimo lenu la dhahabu, vumbi la mawe hadi kwenye kope. Nesi wa zahanati alishakupima presha, akakupa vidonge vya kila siku. Ulimeza siku nne. Kichwa kilipoacha kugonga, uliniita nyuma ya zizi ukanitia pakiti mkononi.

"Katupe chooni. Presha ni ya wanene. Mama yako asijue."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikajiona mkubwa kwa kupewa siri na baba. Nikatupa.

Mwezi haukuisha. Ulianguka mchana kweupe ukingoni mwa duara, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wako. Wenzako wakasema umerogwa na mzee Chacha, mwenye duara la jirani, maana siku hizo mlikuwa mmepata mwamba mzuri kumzidi. Mama akanishika mabega. "Bhoke, baba yako alikuwa anameza dawa?"

"Ndiyo, mama."

Ulikuwa unanitazama, Baba. Kusema ulikuwa huwezi tena. Ulinitazama hivyo siku sita, mpaka ulipokata roho. Mzee Chacha akafukuzwa na maneno ya watu, akahamia Issenye na wanawe. Mama naye amekufa akiamini ni yeye aliyekuroga.

Mwaka huu na mimi nimepimwa, nikakutwa na presha. Nesi akauliza, "Kwenu nani alikuwa nayo?" Nikakutaja wewe, nikamtaja na babu, aliyeanguka vilevile akiwa machungani.

"Basi iko kwenye damu yenu," akasema. "Lakini kurithi siyo kwamba ndiyo umeshakufa, dada. Punguza chumvi, tembea, pombe acha, na dawa usikatishe hata ukijisikia mzima."

Sasa natembea kwa miguu hadi sokoni, bodaboda wananishangaa. Chumvi siweki tena mezani. Ila Marwa anachimba palepale, na presha yake iko juu kuliko yangu. Jumapili nilimuuliza habari ya dawa. "Kichwa kimeshapoa," akanijibu. "Presha ni ya wanene."

Nani alimfundisha? Ulipokufa alikuwa hajaanza kutembea.

Nikamwambia yote, hata uongo niliomwambia mama. Halafu akauliza, "Na mzee Chacha anajua?"

Kesho asubuhi tunakwenda Issenye, mimi na yeye. Vidonge vyake vimo kwenye mkoba wangu, atameza nikimwona. Wanasema mzee bado yupo, ila masikio yamekufa, na nyumba yake haikosi watu.

Itabidi niseme kwa sauti.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako mkubwa