Mkono wa Mama Kwenye Manjano

Kijijini, 2 Machi

Mwanangu Vaiju,

U mzima huko Pune? Sisi wazima, ila goti langu linanikumbusha umri. Shangazi yako Kashibai ameshachagua wanawake watano wa kukupaka manjano ya harusi, wote waume zao wako hai. Mimi nitakuwa jikoni. Usinune. Mjane hamgusi bibi harusi, unajua mwenyewe.

Mama yako

Pune, 11 Machi

Mama mpendwa,

Nainamia miguu yako. Mimi mzima, chakula cha bweni tu ndicho kinaniua. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakasirika mara mbili. Baba alipofariki, nani alilima manjano, akayachemsha, akayaanika, akanisomesha ualimu? Hao watano? Usiponipaka wewe kwanza, sipakwi na mtu.

Binti yako mkaidi, Vaijayanti

Kijijini, 20 Machi

Mwanangu,

Goti afadhali, na wewe? Shangazi yako nimemwambia. Akasema, "Huyo shule imempanda kichwani!" Lakini si yeye anayenitisha. Nauogopa mkono wangu. Baba yako alikufa akiwa na miaka thelathini na minne. Mumeo akipatwa na jambo, nitajisamehe vipi? Niache jikoni, nakuomba.

Mama yako

Kijijini, 14 Mei

Mwanangu Vaiju,

Hujambo? Na mkwe wangu, anakula vizuri? Barua ile hukuijibu. Siku ya manjano ulikuja tu ukakaa kwenye kigoda, ukakunja mikono, manjano yakaanza kukauka bakulini. Nilikuchungulia mlangoni, nikatamani nikuchape.

Uliniona nikitoka, nikakupaka wa kwanza, lakini hukusikia ya jikoni. Shangazi yako aliingia na bakuli. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Sindhu, toka ukampake! Kaka yangu angekuwepo angekuburuta kwa pindo la sari. Mimi nguvu hizo sina." Kisha akalia, yeye Kashibai!

Sasa sikia. Jana Ratnabai alimwoza binti yake. Mjane mwenzangu, na alimpaka mwanawe mwenyewe, uani, mbele ya watu. Kuhani akakohoa, akaendelea na sala. Wawili watatu waliondoka. Waache waende.

Mimi nilikaa mbele, nimevaa sari ya kijani, rangi ya wenye waume, niliyoifungia sandukuni tangu msiba wa baba yako. Mgeni mmoja akauliza, "Yule mjane aliyevaa kijani ni nani?"

Shangazi yako akamjibu, uani kote wakasikia: "Ni mama yake Mwalimu Vaijayanti. Yeye ndiye aliyeanza."

Mama yako