Mdomo wa Bi Zumthor

Madlaina, natetemeka kwa hasira.

Bi Zumthor leo kaamka hana sauti. Yule yule ambaye magazeti ya Zurich yanamwita malkia wa opera. Basi nimewekwa nyuma ya pazia niimbe mimi, yeye jukwaani achezeshe mdomo. Na amekataa watu waambiwe. Amekataa, unasikia?

Ukumbi mzima umesimama kumpigia makofi. Maua yote kapokea yeye.

Namfuata chumbani kwake nikidhani atanishukuru. Ananinong'oneza, "Binti, kesho usikimbize wimbo hivyo, unanichosha mdomo."

Unanichosha mdomo! Mtu jukwaani hajatoa hata mlio.

Nimemjibu, "Sawa, mama."

Kesho aufungue tu huo mdomo mbele ya watu. Mimi nyuma ya pazia nitakuwa nakunywa chai yangu taratibu.