Menyu Zilizosinyaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na lori lako pia, maana ukiulizwa habari za nyumbani wewe huanza na lori. Sisi huku hatujambo. Mama mgongo umempa nafuu kidogo, na juzi aliamua kupanga vyombo vya jikoni upya bila kumwambia mtu, tukashinda tunatafuta vijiko. Anakusalimu sana na anauliza kama unakula.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza. Nikifika katikati ungesema uko barabarani, mtandao unasumbua, tutaongea jioni, na hiyo jioni yako huwa haifiki. Kwa hiyo tafuta mahali ukae, mwombe wifi chai, unisikilize mpaka mwisho.

Kazini tumepata vitu vipya. Unakumbuka nilivyokuwa nalalamika kwamba skrini zetu za zamani zinapepesa mpaka unahisi unakonyezwa. Basi meneja amechoka kelele zetu, akaleta skrini mpya, pana na kali, picha ya chungwa ukiiona unatamani kuimenya. Alisimama katikati ya chumba cha michoro, mikono nyuma, akatuambia kuanzia siku hiyo asimsikie mtu akisema haoni. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, na kabla ya saa ya chakula nilishatamani niyarudishe.

Shida ilianza nilipofungua programu yetu ya kuchorea maboksi. Programu yenyewe ni ya kale, iliundwa zamani zile skrini zina nukta chache na nene, na kila neno kwenye menyu lilipimwa kwa hizo nukta. Skrini hizi mpya nukta zake ni ndogo sana na zimebanana, kwa hiyo menyu zote zikasinyaa. Boksi lilionekana safi ajabu, lakini menyu za juu zilikuwa kama mtu amemwaga ufuta. Maneno yalikuwepo, ila kuyasoma ilibidi nisogeze pua mpaka kioo kikapata ukungu wa pumzi yangu.

Nikamwita fundi wa kompyuta, ambaye sisi tunamwita Zima-Uwashe kwa sababu ushauri wake haujawahi kuwa mwingine. Akazima, akawasha. Akajaribu kukuza maandishi. Programu nyingine zote zikatii, ya kwetu ikagoma. Akasema iliyobaki ni kupunguza ukali wa skrini nzima, kila kitu kiwe kikubwa lakini chenye ukungukungu, au tuzoee. Meneja alikuwa mlangoni, akasema hakuleta skrini kali ili azifanye butu. Basi tukaambiwa tuzoee.

Wenzangu walinung'unika siku mbili tatu wakanyamaza. Mimi nikanyamaza pamoja nao, lakini sikuwa nimezoea. Nilikuwa nafanya kazi kwa kukariri. Mkono wangu unazijua menyu zile kama unavyoijua wewe gia: nenda kulia, shuka kidogo, bonyeza. Ukiwa mtu mzima kuliko wote chumbani, ukisema huoni, hakuna anayeuliza skrini ina nini. Wanaanza kuhesabu umri wako. Yupo mwenzetu aliyehamishiwa stoo kwa namna hiyo, kwa maneno matamu kabisa, na mpaka leo anapanga marundo ya kadibodi. Sikutaka kwenda stoo, kaka. Kuchora maboksi ndiyo kazi ninayoipenda.

Sasa nikueleze kidogo ili uelewe aibu iliyonipata. Boksi kabla ya kuwa boksi ni karatasi bapa iliyochorwa mistari ya aina mbili. Kuna mstari wa kukata, huo kisu kinapita mpaka chini, na kuna mstari wa kukunja, huo karatasi inabonyezwa tu ili ikunjike. Kwenye menyu yetu majina hayo mawili yanakaa moja juu ya jingine. Mstari wa kukunja huchorwa kwa vipande vipande, lakini kwenye skrini mpya vipande vyenyewe vimekuwa vidogo mno, kwa jicho langu mistari yote ilikuwa sawa. Mkono ukashuka pungufu kidogo, nikachora boksi zima la mteja wa sabuni kwa mstari wa kukata.

Mteja alikuja mwenyewe kuona sampuli. Meneja, kwa kupenda kujionyesha, akasema atalikunja kwa mkono wake mbele ya mgeni. Akainua kifuniko, kifuniko kikabaki mkononi. Akashika ubavu, ubavu ukaanguka sakafuni. Mtu wa sabuni alicheka mpaka akajifuta machozi, akauliza kama wateja wake watapewa na gundi. Meneja hakucheka. Aliniangalia tu, na nikajua stoo inaniita.

Aliyeniokoa ni Mama Makasi, yule mama wa meza ya kukatia sampuli. Ni mtu wa maneno machache na mengi yao ni makali. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba kuhusu menyu hana la kusema, lakini yeye amekuwa akiniangalia. Alisema nimempiga kumbo akiwa na mkokoteni wa karatasi zaidi ya mara moja, na kila mara alikuwa kushoto kwangu. Akasema kikombe changu cha chai nakimwaga siku zote kwa mkono wa kushoto. Akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua macho. Nilimjibu vibaya, nikamwambia ashughulike na visu vyake.

Lakini meneja naye akaniambia niende nikapime, na nikaenda, tena kwa kiburi. Nilikwenda hospitali ya macho kutafuta ushahidi dhidi ya skrini. Daktari alikuwa binti mpole, mdogo kuliko sisi sote. Alinisomesha herufi, akasema ninahitaji miwani ya kusomea kama watu wengi wa umri wangu, na kwamba menyu ninazomsimulia zingemtesa hata yeye. Nikafurahi. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia meneja. Kumbe hajamaliza.

Akanipulizia jichoni kitu kama pumzi. Kisha akaniwekea kidevu kwenye bakuli kubwa jeupe, akanipa kitufe, akaniambia nitazame katikati na nibonyeze kila nikiona nukta ya mwanga. Nilibonyeza kwa bidii, nikatoka nikidhani nimefaulu. Alinigeuzia karatasi ya majibu bila haraka. Upande wa kushoto kulikuwa na doa jeusi. Mianga ilikuwa imewaka pale mara nyingi, na mimi sikuwa nimeiona hata mmoja.

Kaka, hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Nina presha ya macho. Nimeificha kwako na kwa Mama, na nyumbani dawa ninaiita dawa ya vumbi. Haiumi wala haiwashi, inakula kuanzia pembeni, taratibu, na akili inajazia pale palipoliwa usijue. Jicho la kushoto limeshapoteza kiasi, na daktari alisema kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa matone ya kila siku, na matone ninayatia bila kukosa. Siku ile nililia kwenye choo cha hospitali mpaka mtu akabisha hodi kuniuliza kama niko salama. Kazini mambo yametulia. Meneja amekubali skrini yangu ifanywe butu, na tangu siku hiyo wale vijana wanamfuata Zima-Uwashe mmoja mmoja, kimyakimya, nao wafanyiwe hivyo hivyo.

Daktari aliniuliza habari za Baba. Nilipomsimulia alivyokuwa akigombana na taa za nyumbani, anabadilisha balbu kila mara akisema hazina nguvu, aliacha kuandika akanitazama. Akasema ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, na ndugu wa tumbo moja wapimwe bila kungoja dalili. Tumbo letu tuko wawili tu.

Unisamehe, lakini nilimpigia wifi kabla ya kukuandikia. Nilitaka tu kujua ratiba yako. Yeye akaniambia kwamba siku hizi jua likianza kushuka unaegesha lori popote ulipo, unalala humo humo, na ukiulizwa unasema ni uchovu. Baba alisema ni taa. Mimi nilisema ni skrini. Nawe unasema ni uchovu.

Najua unachoogopa. Unaogopa wakikuta kitu watakunyang'anya leseni. Sitakudanganya, inaweza kutokea, na ikitokea tutakaa tutafute njia. Lakini Baba hakunyang'anywa kitu na mtu. Aliachwa aendelee, hivyo hivyo, mpaka ile asubuhi alipokuwa anamwita Mama kwa sauti kubwa nyumba nzima, na Mama amesimama mbele yake.

Nimekuombea nafasi kwa daktari yule yule, Jumatatu asubuhi. Usije na lori. Mimi nitakaa nawe kwenye benchi, na ukiingia kwenye lile bakuli nitakushikia kofia.

Wasalimie watoto, na wifi mwambie nimemshukuru, wala usimnunie. Mama nitamwambia tukiwa wawili, mimi na wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku