Maji Uliyoyakataa kwa Mama Wambura

Mbalibali

Kwa mdogo wangu Marwa,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimekuitikia kabisa usije ukasema dada hana adabu. Mimi ni mzima, ni huu mguu tu unasumbua asubuhi. Mihogo imekubali, na tembo mwaka huu hawajafika upande wetu. Mke wako hajambo? Ng'ombe wa huko Nyanungu wanapata majani? Wewe sikuulizi hali. Mtu anayeona simu ya dada yake inalia akaiacha, huyo ni mzima. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi haina kitufe cha kukatia.

Mura, kijana wa mama, huna aibu?

Ulipotoka Mugumu kwenye semina yenu ya wahudumu wa jamii ulifika kwangu na fulana mpya, kifuani imeandikwa UBAGUZI SASA BASI. Ukala kuku wangu, ukatufundisha mpaka mjukuu wangu Bhoke akaacha vyombo akusikilize. Eti Wazungu walikataza watu weusi kukaa nao benchi moja, kunywa nao maji bomba moja. Ukatikisa kichwa: "Dada, binadamu kumwona mwenzake uchafu, huo ni ushetani." Nikasema moyoni, basi mtoto wa mama amepata akili uzeeni.

Kesho yake nikakupeleka kwa kina Wambura, kijana anayemtaka Bhoke, wakuone babu mtu. Ulipoona mvukuto wa marehemu babu yake Wambura umetundikwa ukutani ukanibana mkono: "Hawa si Waturi? Si wahunzi hawa?" Nikakwambia ndiyo, na Wambura mwenyewe anachomelea mageti mjini. Mama yake akaja, akapiga goti, akakupa maji kwenye kibuyu. Ukafanya nini? Ukatoa chupa ya plastiki ya semina kwenye begi, ukanywa yako. "Nina dawa natumia, mama." Dawa gani? Jana yake togwa langu ulilinywa mpaka ukalamba kikombe!

Yule mama alibaki na kibuyu mkononi. Akaingia ndani, na ugali uliokuwa jikoni hatukuuona. Njiani ukaniambia, "Ya Wazungu ni mengine, hii ni mila." Mila! Mama yetu alipika kwenye vyungu vya nani? Baba alilima kwa majembe ya nani? Mikono ya Waturi imekulisha mpaka ukaota hilo tumbo, leo maji yao yana nini? Hao Wazungu wako angalau hawakuvaa fulana.

Sasa sikia ulichotufanyia. Haikupita wiki wakamtuma mshenga: ng'ombe hawaji, mtoto wao hataoa kwa watu wanaowaonea kinyaa. Bhoke akagoma kula. Wewe huko simu hushiki. Nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda mwenyewe. Nikamkuta mama Wambura anafinyanga, nikaomba maji.

Akasema bila kuniangalia, "Chupa umeisahau?"

"Chupa ni ya mpumbavu wa kwetu," nikamwambia. "Mimi nina kiu."

Akaniacha juani, na alikuwa na haki. Alipomaliza chungu chake akanawa udongo, akaniletea. Nikanywa yote, nikaomba mengine. Ndipo akacheka.

Ng'ombe wameingia Alhamisi. Nimewapokea mimi. Wazee wa hapa walinuna wakachoka, wakaja kula nyama. Kwa hiyo usidhani naomba ruhusa yako. Harusi ipo. Ila Bhoke anasema hataki kutoka nyumbani babu yake hayupo, analia kama amefiwa, na sijui anakulilia nini. Basi njoo. Lakini usianzie kwangu. Nenda kwa mama Wambura, peke yako, mimi sitakuja kukusemea, umwombe msamaha kwa mdomo wako huo wa semina. Akikusamehe, kiti chako kipo. Asipokusamehe, panda basi urudi ulikotoka. Sitamlaumu, na Bhoke nitamnyamazisha mwenyewe.

Msalimie mke wako, ambaye ana akili kukuzidi. Msalimie mdogo wetu anayeuza dagaa sokoni Tarime, na mwanao mwalimu, na watoto wote wa hapo bomani. Mama Wambura hajakusalimia.

Ni mimi dada yako niliyekubeba mgongoni, na leo najiuliza nilikuwa nimebeba nini,

Gati