Tepu Iliyorudi Giakanja

Jumanne. Mlima umejifunika ukungu tangu asubuhi, na Nyeri yote inanuka makoti mabichi.

Leo mimi Kariuki, mpika chai wa ofisi ya ushirika wa kahawa, nimefufua kompyuta zote za ofisi kwa mkono mmoja.

Haya, uongo. Si mkono, ni mguu. Na anayefufua ni Wanjiru, msichana wetu wa kompyuta. Mimi nimekanyaga plagi tu.

Niko ndani ya chumba cha seva, ile mashine kubwa inayotunza kazi ya zile ndogo zote. Soketi yake imelegea. Nikitoa kiatu, plagi inaanguka na Wanjiru anaanza upya. Kwa hivyo nimekaa sakafuni kama kuku anayeatamia, goti linalia, kibofu kinanikumbusha umri wangu.

Na mlango uko na kufuli. Kwa nje.

"Guka, nakujua," Wanjiru alisema akifunga. "Ukisikia harufu ya chai utatoka."

Guka ni babu kwa Kikuyu. Si mjukuu wangu, lakini ananijua kuliko wajukuu wangu.

Asubuhi umeme ulipotea, ukarudi na hasira, mashine zikaamka hazikumbuki hata mkulima mmoja. Wanjiru hakushtuka. Kila jioni yeye hunakili kazi yote kwenye tepu. Akanipigia kelele akikimbilia swichi: "Guka, tepu ya jana irudishwe sasa hivi!"

Nikairudisha. Tepu hulala kwa meneja kule Giakanja, ofisi isije ikaungua nazo. Meneja alikuwa anatoka kwenda mazishi Kangema, nikampa aipitishe kwake. Nikajisifu ati nina mbio.

Kumbe kwa watu wa kompyuta kurudisha ni kuitia kwenye seva ili itapike kazi ya jana. Nani aliniambia? Shule niliiacha kwenye kuzidisha.

Mwenyekiti akaingia, tumbo mbele. "Wakulima wakija kesho wapate mashine tupu, wewe msichana utaenda kuuza viazi Chaka."

Wanjiru angenyoosha kidole kwangu. Hakunyoosha.

Hiyo ndiyo kufuli yenyewe inayonikalisha hapa. Ile ya mlango ningeivunja.

Wanjiru akapekua droo, akapata tepu ya wiki jana iliyosahaulika, akasema kazi ya siku chache zilizobaki ataichapa upya. Sasa seva inaguna kama ng'ombe anayecheua, inatuma kazi kwa waya, mashine moja baada ya nyingine. Mguu umekufa ganzi. Nauombea usisogee. Mimi ambaye kanisani husinzia.

"Guka! Ya kwanza imekumbuka!"

Kisha nyingine. Kisha, nyuma ya ukuta, nasikia makarani wakipiga makofi, na mwenyekiti akiuliza chai iko wapi.

Wanjiru amekuja mlangoni, anacheka mpaka funguo zinamponyoka. "Guka, umerudi Bi."

Miezi yote hii mashine imeniandika Bi. Kariuki. Makarani huniita Mama Chai. Jana tu Wanjiru alinirekebisha kuwa Bw., na tepu ya wiki jana haijui habari za jana. Kwa Kikuyu jina Kariuki ni la mtu aliyefufuka. Basi nimefufuka, nikiwa mwanamke.

Wanjiru, usiende kwanza. Mguu niliokushikia plagi unakudai. Kabla hujazima mashine, nirudishe Bw.

Na si Giakanja.