Shamba la Chai la Wakfu wa Celina

Majimbo, Embu
4 Februari 2024

Kwako Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limekupumzisha kidogo. Sisi tuko salama. Rwamba ameanza shule na tayari anatufundisha sote. Celina, huyu wa jina la Mama, anaota meno, kwa hivyo katika nyumba hii hakuna anayelala, lakini anakula vizuri. Mume wangu Gachoki anakusalimia.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu yako anashika Mutwiri, na ndugu yangu huniambia "Mzee amelala" hata saa nne asubuhi. Wewe hujawahi kulala saa nne asubuhi tangu nikujue.

Baba, ni mambo ya Wakfu. Cheti chetu cha kusamehewa kodi kinaisha Juni. Ili tupewe kingine lazima hesabu zikaguliwe, na mkaguzi, dada mmoja wa hapa mjini anaitwa Susan, amekuwa akisoma makaratasi yetu. Juzi alinifuata pale hardware ninapofanya kazi, nikipima misumari, akaniuliza mbele ya wateja:

"Mama Rwamba, hili shamba la chai ni la nani?"

Nikamwambia ni la Wakfu wa Celina, kila mtu anajua. Ulisimama kanisani mwaka mmoja baada ya kumzika Mama, ukasema shamba la juu sasa ni la kusomesha wasichana kwa jina la mwalimu wao, na mchungaji akaliombea.

"Vizuri. Na hati iko kwa jina la nani?"

Nikaendelea na misumari.

Anachosema ni hiki. Kwa karatasi, shamba ni lako. Namba ya kiwanda cha chai ni yako, bonasi ya majani ya kila mwaka inaingia kwa akaunti yako, halafu wewe unatoa kiasi unapeleka Wakfu. Lakini mbolea, wachumaji na ile stoo ya mawe vimelipwa na Wakfu, kwa pesa walizochanga wanafunzi wa zamani wa Mama. Kwa macho ya watu wa kodi, tumekusanya sadaka tukastawisha shamba la mtu, na mtu huyo ndiye mwenyekiti. Wakfu wa namna hiyo hausamehewi kodi.

Sisemi umeiba. Nasema kuna kitu tulianza hatukumaliza. Twende bodi ya ardhi, familia yote ikubali, shamba liandikwe kwa jina la Wakfu. Nitaomba ruhusa kazini. Nitumie tu tarehe.

Mwanao,
Kagwiria


Kionyo, Meru
26 Februari 2024

Kagwiria mwanangu,

Bwana asifiwe. Barua yako imeletwa na Mwirigi, huyu wa kubeba parachichi kwa pickup, na jibu atakuletea yeye. Mimi ni mzima. Goti linajua mvua kuliko redio. Mwambie mke wangu mdogo, huyo Celina, kama ni meno anatafuta aje achukue haya yangu yaliyobaki, mimi siku hizi nakunywa uji tu.

Hilo la shamba lilinichekesha, halafu likanikasirisha. Huyo Susan alikuwa wapi siku hiyo kanisani? Sisi mtu akitoa kitu mbele ya watu na kikaombewa, kimetoka. Babu yako alinipa shamba hilo hilo kwa mdomo, wazee wakiwa wamekaa, mbuzi akachinjwa, na hakuna aliyeniuliza karatasi mpaka serikali ilipokuja kupima. Sasa neno la kanisani halitoshi?

Lakini Mutwiri ametafuta njia. Andika kumbukumbu za mkutano. Weka Julai kumi na mbili mwaka jana, kabla stoo haijajengwa, useme wadhamini walikutana wakakubali Wakfu ukodishe shamba kutoka kwangu kwa bei ya chini. Hapo mbolea na stoo ni mambo ya mpangaji, na Susan atanyamaza. Mutwiri na mkewe Winrose wataweka sahihi kama wadhamini. Wewe ndiye mwenye mwandiko. Na mambo ya bodi uyaache. Bodi ni foleni, na mimi ni mzee.

Yule msichana wa jirani yetu Kiunga, Cicily, wa kidato cha tatu, anayesomeshwa na Wakfu, amekuja kuchuma chai mapumziko haya. Anachuma kama mtu anayefukuzwa. Anasema atakuwa daktari wa watoto. Mama yako angemkalisha jikoni ampe chai ya maziwa matupu.

Baba yako,
Riungu


Majimbo, Embu
17 Machi 2024

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Tuko wazima isipokuwa kikohozi cha Celina, na hicho tumeshakizoea kama mpangaji. Pole na mvua.

Baba, huo mkutano haukufanyika. Julai kumi na mbili mwaka jana mimi nilikuwa wodi ya akina mama, nikimzaa huyo unayemwita mke. Mutwiri amenikalisha kwenye mkutano siku ambayo hata kukaa sikuweza.

Sitaziandika. Si kwamba nimekuwa mkubwa kwako. Nikiandika uongo leo, Susan ataweka jina lake chini ya uongo wangu, na wale mabinti ambao Mama aliwafundisha kusoma watakuwa wamechangia uongo. Mama alikuwa anafuta ubao mzima kwa sababu ya herufi moja. Sitaweza kutia sahihi kitu kama hicho chini ya jina lake.

Nikwambie pia kitakachofuata, ili usiseme sikukwambia. Tukinyimwa cheti, michango yote tuliyopokea itahesabiwa kodi, na faini juu yake. Wanaochanga wataacha, kwa sababu na wao huulizwa cheti hicho makazini mwao. Karo ya akina Cicily inatoka hapo. Haitoki kwingine.

Hati ilikuwa kwa sanduku la Mama, chini ya vitambaa. Nitakuja Pasaka niichukue, tuipeleke bodi pamoja. Nitabeba na watoto wakuone.

Mwanao,
Kagwiria


Majimbo, Embu
2 Juni 2024

Baba,

Natumaini u mzima. Sisi tuko.

Hukujibu barua ya Machi. Pasaka nilifika na watoto wawili na mfuko wa mikate, Winrose akaniambia umeenda hospitali ya Maua kuona wagonjwa. Sanduku la Mama lilikuwa limefungwa kwa kufuli jipya. Nikasema labda ni panya.

Ijumaa iliyopita niliomba ruhusa kazini nikaenda mwenyewe ofisi ya bodi kuuliza tarehe. Kuna karani pale kwa dirisha, anaitwa Runji, mtu mpole wa kuvaa sweta mbili. Nikamwambia mimi ni binti wa Riungu wa Kionyo. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Madam, Mzee Riungu hana binti."

"Huyu unayemwona ni nani?"

"Mimi sijui. Mzee alikuja hapa Septemba mwaka jana kuomba kibali cha kuweka shamba dhamana benki, na mtoto wake wa pekee, yule kijana wa lori. Wajumbe wakamuuliza, una wengine? Akasema ni huyu tu Mungu alinipa. Nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Nilikuwa na Celina mgongoni. Runji alidhani nimekuja kutapeli, akaita askari wa lango, kwa upole tu, anisindikize nje.

Kwa hiyo sasa najua kwa nini bodi ni foleni. Shamba liko benki, dhamana ya lori la Mutwiri. Lilikuwa huko tayari wakati unaniambia niandike mkutano. Wakfu umekuwa ukilipa mbolea ya shamba la benki.

Sikulia pale. Nililia Chuka, gari liliposimama watu wanunue ndizi, kwa sababu mtoto alikuwa amelala na nikapata nafasi.

Sikuulizi kuhusu lori. Nakuuliza hivi: uliposema ni huyu tu, nilikupita akilini hata kidogo?

Mwanao,
Kagwiria


Kionyo, Meru
30 Juni 2024

Kagwiria,

Bwana asifiwe. Mimi si mzima sana lakini hilo si la barua hii.

Umeniuliza swali ambalo mtoto hamuulizi baba yake. Nitakujibu mara moja tu. Wewe umeolewa. Una kwenu huko Embu, una shamba la akina Gachoki. Ningekuleta bodi ungekataa, na Mutwiri angekosa lori. Je, hungekataa? Unaona. Kwa hivyo nilikuondoa kwenye ugomvi. Baba hufanya hivyo.

Na usisahau nani alikupa Wakfu wa mama yako uushike. Kionyo nzima, niambie mzee mwingine aliyempa binti aliyeolewa kitabu cha benki. Wenzangu walinicheka. Nikasema acheni, huyu ana kichwa cha mama yake. Sasa kichwa hicho kimeenda ofisini kuniaibisha kwa karani.

Kuanzia leo mweka hazina ni Winrose. Muhuri na vitabu mpe Mwirigi.

Mutwiri anasema lori litalipa lenyewe kabla ya Desemba.

Baba yako,
Riungu


Kionyo, Meru
20 Oktoba 2024

Kagwiria mwanangu,

Bwana asifiwe sana. Nakusalimia wewe, na Gachoki, na Rwamba, na mke wangu mdogo. Wameniambia sasa anatembea. Sijamwona akitembea.

Muhuri ulifika. Haukutusaidia. Winrose alipeleka hesabu bila Susan, zikarudishwa, akapeleka tena na zile kumbukumbu za Julai, wakamuuliza maswali akashindwa. Cheti tulinyimwa. Barua ya kodi imekuja kubwa, sijaimaliza kuisoma. Wanafunzi wa mama yako wameandika kwamba wamesimamisha michango. Cicily yuko nyumbani tangu muhula uanze. Hupita hapa kwa njia na kikapu, ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inanimaliza.

Lori liko gereji Chogoria, injini imetolewa. Bonasi ilipoingia, benki waliichukua yote siku hiyo hiyo. Sasa wametoa ilani, shamba litapigwa mnada mwezi wa kwanza.

Mutwiri ametafuta wakili. Wakili anasema kuna mlango mmoja. Kama mzee alikuwa na mtoto mkubwa ambaye hakusikizwa kwenye bodi, mkopo huo unaweza kupingwa na mnada usimame. Lazima mtoto huyo aje mwenyewe, na kitambulisho, aape.

Njoo useme wewe ni mwanangu.

Mimi nitasema nilichanganyikiwa kwa uzee. Wataamini, wakiniona ninavyotembea.

Baba yako,
Riungu


Majimbo, Embu
3 Novemba 2024

Kwako Baba,

Salamu zako zimefika, asante. Celina anatembea, anaanguka, anainuka akijipigia makofi. Pole kwa goti, na pole kwa bonasi.

Niliisoma barua yako nikiwa nanyonyesha, nikaimaliza, nikairudia, na mtoto akaniuma kwa sababu nilikuwa nimekakamaa. Gachoki aliniambia, "Usiende. Walikufuta, wacha wakutafute." Nimemwambia nitaenda. Nitasema mimi ni mwanao kwa sababu ni kweli, si kwa sababu imewafaa.

Lakini nisikilize, maana sitaandika mara mbili. Sitaapa ili shamba litoke benki lirudi kwa Mutwiri. Siku hiyo hiyo, kabla sijaapa, utatia sahihi kwamba likifunguliwa linaandikwa kwa jina la Wakfu. Mutwiri na Winrose watatoka kwa wadhamini. Waingie wawili wa wanafunzi wa Mama, na mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha. Susan amekubali kuandika yote bila malipo, na kupeleka maombi ya kodi upya. Wewe ubaki mwenyekiti. Hilo nimeliomba mimi, wao hawakutaka.

Ulitoa shamba kwa mdomo wako. Hakuna aliyekulazimisha. Nakuomba tu umalize.

Jumanne tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, ofisi ya bodi. Nitakuja na watoto. Baada ya hapo, ukitaka, tutapanda nawe Kionyo, nikupikie.

Mwanao,
Kagwiria


Majimbo, Embu
20 Novemba 2024

Baba,

Natumaini u mzima. Sisi tulifika nyumbani jana usiku, watoto wamelala mpaka saa hii.

Nilifika ofisini kabla haijafunguliwa. Wewe hukuja. Alikuja Mutwiri na wakili wake, amevaa lile koti lako la kahawia. Akanisalimia kama mtu anayemsalimia mjumbe. "Mzee amesema tuanze na hili la mtoto. Hilo la Wakfu tutaongea Krismasi, kama familia."

Nikamuuliza, "Amesema hivyo, au umesema wewe?"

Akanipa simu. Ulikuwa wewe, Baba. Ulisema, "Weka sahihi tu, Kagwiria, mambo mengine ni ya nyumbani." Nyuma yako jogoo alikuwa anawika. Hukuwa umelala. Hukuuliza kama watoto wamefika salama.

Sikuweka. Mutwiri alisema maneno ambayo Rwamba ameyabeba mpaka Embu, na jana kwa gari aliniuliza maana yake. Wakaondoka. Mimi nilibaki kwa benchi, nikasema labda utakuja. Nilikaa mpaka chakula cha watoto kikaisha na wanaofunga ofisi wakaanza kufagia chini ya miguu yetu.

Mwezi wa kwanza sitakuwepo kwa mnada. Susan ananisaidia kuwaandikia watu wa kodi ukweli wote, na jina langu chini, maana bado ni mdhamini, kisha Wakfu ufungwe. Kilichobaki kwa akaunti ya Wakfu nitawaomba wanafunzi wa Mama wakilipe shuleni moja kwa moja. Kitamvusha Cicily muhula mmoja. Jana jioni, tukirudi, nilipita kwa Kiunga kumwambia. Alisema asante, akaendelea kuosha ndoo za chai.

Runji alipokuwa anafunga dirisha aliniita. Nadhani alinihurumia. Alikuwa na kalamu mkononi.

"Madam, hii rekodi ya Septemba inaweza kurekebishwa. Ni mstari mmoja. Nikuandike binti wa Mzee?"

Nikamwambia asiniandike.

Mwanao,
Kagwiria