Nthiga, Walisoma Mstari wa Kwanza Tu

Nthiga,

Nina hasira na wewe. Naanza na hilo kwa sababu tangu tulipokuzika Januari nimekuwa nikikuongelesha kwa upole, na leo upole umeniishia. Mizinga yako ya nyuki imeungua. Yote kumi na saba, kwenye ile migunga ya kando ya korongo. Aliyewasha moto ni mwanao Njiru, na aliyemwacha auwashe ni mimi.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Mwishoni mwa Mei ulikuja utabiri wa majira ya baridi, Juni hadi Agosti, wa kanda nzima ya Meru na Embu. Naibu wa chifu aliniletea zile karatasi za Kiingereza, kama kila mwaka, nizigeuze Kiswahili. Nilikaa nazo siku mbili. Unanijua. Kule milimani, baridi na mawingu. Huku kwetu Siakago, na kule Ruiri, ukavu kuliko kawaida na upepo mkali wa mikupuo, wa kuja na kukatika, hasa kuanzia katikati ya asubuhi. Hilo neno mikupuo lilinichukua nusu siku. Kisha nikafuata mpangilio wa watabiri wenyewe bila kufikiri: mvua kwanza, baridi ya pili, upepo mwisho, ukurasa wa tatu.

Kazi hii tuliifanya wawili miaka yote. Nilipoondolewa kwenye shamba langu Ruiri, nikafika hapa na mke mgonjwa na sanduku la vitabu, wewe ndiye uliyenikatia pembe ya ardhi yako. Ukaniita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Na baraza la kwanza ukaniketisha kando yako ukaniambia, "Wewe ni wa kuja. Watakibishia hicho Kimeru chako, waache ulichosema. Wewe andika, mimi nitasema." Nilikubali upesi mno. Miaka thelathini na moja sijafungua kinywa barazani. Ulikuwa unanilinda, najua. Lakini ulinizoesha kunyamaza, halafu ukafa, na kwa hilo leo siwezi kukusamehe.

Safari hii, barazani, naibu wa chifu alishika karatasi zangu mbele ya watu, akasoma mstari wa kwanza, "Msimu utakuwa mkavu," akazikunja. Nilipomwendea baadaye alisema, "Mzee, hii ni ndefu sana. Watu wanataka kujua kama kuna mvua ama hakuna." Nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikanywa chai. Hayo ndiyo niliyofanya.

Wewe ungesoma mpaka upepo. Ungemwonyesha mwanao kidole: "Njiru, wewe na hayo mabua yako, umesikia?" Watu wangecheka, na Njiru asingechoma.

Unajua watu wetu wanavyolisikia neno kavu. Ndengu zimevunwa, mabua ya mtama yamelala, miiba imerundikwa. Kavu kwao ni ruhusa. Julai, Njiru alirudi kutoka kuchuma muguka, majani yale ya kutafuna, akala, akaenda kuwasha rundo saa sita mchana. Wewe ulikuwa ukichoma kabla umande haujakauka, na ulikuwa umeshalima ukanda mtupu kulizunguka rundo ili moto ukose pa kwenda. Yeye hakulima hata hatua moja. Upepo ukaja, ukayainua mabua yanayowaka na kuyarusha ng'ambo ya ua hadi kwenye migunga, kisha ukatulia, kisha ukaja tena. Mimi ni mtu wa Ruiri, Nthiga. Kule tumeona mabati yakihama kutoka boma moja hadi jingine. Nilikuwa mlangoni kwangu nikiujua upepo ule kwa jina, na nilichoweza kufanya ni kupiga kelele kwa lugha tatu.

Hakuna aliyekufa. Lakini jioni nyuki waliokuwa malishoni walirudi. Walizunguka mahali palipokuwa na matawi, wakazunguka tena, mwisho wakashikana donge kwenye nguzo ya ua. Asubuhi hawakuwapo.

Nilimwendea Njiru nikiwa nimeyapanga maneno makali. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alikuwa amekaa kwenye jivu, mikono imebabuka. Akasema, "Walisema itakuwa kavu, mzee. Sasa kavu si ndio ya kuchoma?" Alikuwa ameusikia utabiri vizuri kabisa, ule aliosomewa. Mama yake, ambaye alikuwa akimpaka dawa, hakuniangalia hata aliponiambia: "Mwalimu, wewe unaandika tu. Nthiga alikuwa anakusemea. Sasa unangoja nani?"

Jana palikuwa na baraza. Agosti nzima bado iko mbele yetu, na ng'ambo ya korongo kuna marundo matano hayajachomwa, karibu na nyumba za watu. Nikasimama. Naibu wa chifu akasema ajenda ni basari za karo za wanafunzi. Sikukaa. Mtu wa nyuma akasema, "Huyu wa Ruiri sasa ametuletea upepo wa kwao," wakacheka, na Kimbeere changu, lugha yao ninayoivunja, kikawafurahisha zaidi. Ningependa kukuambia sikuogopa. Nikaanza na ukurasa wa tatu. Niliwaambia upepo unaamka saa ngapi, wachome kabla ya hapo na walime ukanda mtupu kwanza, niliwaambia mizinga ya nani imeungua, na kwamba karatasi iliyokunjwa ilikuwa imeyasema hayo wiki sita kabla. Kicheko kikapungua. Mama mmoja, mwenye rundo kubwa kuliko yote, akauliza, "Na huo ukanda unalimwa upana gani?"

Nikamwambia hatua kumi. Akauliza hatua za nani, zake au zangu.

Kesho alfajiri naenda kumpimia. Njiru amesema atakuja na jembe. Nimemkataza kwa sababu ya mikono yake, hakunisikia.

Nthiga, nakuahidi hili: utabiri ukija tena sitampa mtu karatasi. Nitasimama niusome mwenyewe, wote, kwa Kimbeere changu kibovu, wacheke wakitaka. Wewe pumzika. Bado nina hasira na wewe, ila nimeiweka kando mpaka marundo matano yaishe.

Mwalimu wako